Barua Dhidi ya Mtani Wangu

Baba Zuhura alinipigia simu saa mbili asubuhi, nikiwa nimekaa kibarazani kwangu Masasi nachambua mchele. Hakuanza na salamu ndefu kama ilivyo kawaida yake. "Karani," alisema, ingawa nimestaafu siku nyingi na hakuna mtu mwingine duniani anayeniita hivyo, "Mama Somoe ametutoka. Tunazika leo baada ya Alasiri." Nikasema Mungu amrehemu, nikasema goti langu halinipi ruhusa ya safari, nikasema nitampigia simu mwanawe Somoe kumpa pole. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Sikukupigia kwa ajili ya pole. Watani wa mtaani wapo, wameshaanza fujo zao tangu alfajiri. Lakini mtani wake wa kazini ni wewe. Hatukuweka mwingine." Akakata. Nilibaki na ungo mapajani. Mimi ni Myao, marehemu alikuwa Mmakonde wa Newala, na kila aliyekulia huku kusini anajua maana yake: tuna haki ya kutukanana bila kukasirika, kuchukuliana vitu mpaka vikombolewe, na mmoja akifa mwingine aende kwenye msiba wake akafanye vituko ili wenye kilio wapate kupumua. Nilivaa khanga, nikafunga goti kwa kitambaa, nikaenda stendi. Njiani gari lilipoanza kupanda ukingo wa uwanda wa juu, na bonde la Ruvuma likafunguka nyuma yetu, nilikuwa nimeshaurudia wote ule mwaka niliofanya kazi naye, chumba kwa chumba.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Ofisi ya maji niliyoajiriwa pale Newala ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu: cha meneja mbele, changu katikati, na karakana ya mafundi nyuma. Kati yangu na karakana palikuwa na ukuta wa mbao usiofika darini. Aliyeujenga alikusudia hewa ipite. Iliyopita zaidi ilikuwa sauti. Nilikuwa nikisikia spana ikiwekwa chini, kiberiti kikiwashwa, mtu akikuna mgongo wake kwenye mwimo wa mlango. Nami tangu utoto nina tabia ya kusikiliza na kuandika. Sikuona aibu, niliona ni sehemu ya kazi. Maji yetu yalisukumwa na mashine kutoka bondeni mpaka kwenye matangi ya mjini, na hayakutosha hata siku moja, kwa hiyo yalitolewa kwa zamu, mtaa mmoja leo, mwingine kesho. Zamu hizo niliziandika mimi, kwenye daftari kubwa la jalada gumu tuliloliita daftari la mgao. Mitaa ilikuwa upande wa kushoto, siku juu, mistari nimeipiga kwa rula yangu mwenyewe. Wino wa buluu ulimaanisha maji yametoka. Mwekundu ulimaanisha hayakutoka, na pembeni yake niliandika jina la fundi wa zamu.

Kila siku saa tisa mafundi walipita dirishani kwangu kutoa taarifa. Walikuwa watatu, lakini wawili ndio wenye mji mikononi: Hamisi, aliyeshika koki za upande wa sokoni, na Cypriani, mtoto wa mwalimu wa Chidya, aliyeshika za juu karibu na matangi. Nilimwuliza kila mmoja swali lilelile, na kila mmoja alinipa jibu lilelile, "Sawa." Nikaandika buluu. Kesho yake mama mmoja wa mtaa ulioandikwa buluu alifika na ndoo tupu, akaiweka mezani kwa meneja. Meneja wetu alikuwa mtu wa kanda ya ziwa, mwadilifu, mwenye kuamini karatasi. Alizoea kusema kwamba kisichoandikwa hakipo. Alilifungua daftari, akaona buluu, akanitazama mimi. Hiyo ndiyo hali iliyokuwapo kabla ya Mama Somoe kuja, na naisema kwa makini kwa sababu baadaye nilijaribu kujidanganya kwamba mambo yalikuwa mazuri mpaka alipoyaharibu yeye.

Aliajiriwa kama mhudumu, wa kufagia na kupika chai, kwa majaribio ya miezi sita. Alikuwa mwanamke wa kama miaka arobaini, mfupi, mwenye meno makubwa aliyoyaonyesha bila kubania. Siku ya kwanza alifungua bomba la ofisi ili ajaze birika, likakohoa likanyamaza. Akacheka peke yake mle uani. "Ofisi ya maji inanawa kwa mate," alisema. Kesho yake alikuja na galoni kichwani, maji ya mvua kutoka kwenye kisima kilichochimbwa chini ya nyumba yake, na tangu siku hiyo ofisi ya maji ilikunywa chai ya maji ya Mama Somoe. Siku ya tatu alileta ming'oko, ile mizizi myembamba ichimbwayo porini, imechemshwa na chumvi, katika bakuli moja kubwa la bati. Mafundi walikuwa wamezoea kunywa chai kila mtu na wakati wake, amesimama, miguu ikielekea mlangoni. Yeye aliliweka bakuli juu ya sanduku la spana katikati ya chumba, akasema hatagawa. Anayetaka akae. Na ming'oko hailiwi kwa kukimbia. Unaishika, unaimenya, unaitafuna taratibu, unachukua nyingine. Mikono ikiwa na kazi, mdomo unabaki huru. Nilitambua hilo kwa masikio kabla sijaliona kwa macho, maana upande wa pili wa mbao mazungumzo yalianza kurefuka.

Hakuwaita Hamisi wala Cypriani. Wiki haijaisha akawa anajua kwamba mmoja ni Baba Zuhura na mwingine ni Baba Theresia, na Zuhura ana masikio mabovu, na Theresia hataki shule. Mimi nilikuwa na majina yao matatu matatu, na madaraja yao ya kazi, na siku za likizo walizobakiza. Sikujua kama wana watoto. Asubuhi moja nilikuwa napiga mistari ya wiki mpya nikasikia sauti yake ikisema, "Baba Zuhura, mtoto masikio yamepona?"

"Yamepona. Sasa anasikia mpaka nisiyosema."

"Na wewe je, unalala?"

Nilisikia ganda la mng'oko likianguka chini. "Silali vizuri, Mama Somoe. Ile koki ya sokoni kichwa chake kimenikatikia mkononi tangu kabla ya Ramadhani. Naifungua kwa spana na kwa kumwomba Mungu. Siku nyingine inakubali, siku nyingine inakataa."

"Kumbe," akasema Cypriani. "Ndiyo maana nikifunga ya juu maji hayaji kwako. Mimi nimeshakwenda kwa padri, nikadhani nimerogwa."

Wakacheka, watatu kwa pamoja, kicheko cha watu walioshusha mzigo. Cypriani akasema kule stoo kuna koki mbovu ya zamani, mwili umeoza lakini kichwa kizima, Jumamosi waende wote wakabadilishe. Kisha Mama Somoe akauliza swali ambalo hata mimi nilikuwa nataka kuliuliza. "Mbona hamkumwambia yule binti hapo? Si ndiye mwenye mgao?"

"Karani ana kalamu nyekundu," akasema Baba Zuhura. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anavyosema mbwa fulani anauma.

Miezi miwili mtu huyo alisimama dirishani kwangu kila saa tisa akaniambia sawa. Nilichukua kalamu nikaandika pembeni: koki ya sokoni, mbovu, miezi miwili, imefichwa. Kisha nikaufuta mstari, kwa sababu nisingeweza kueleza nimejuaje. Kilichonichoma hakikuwa uongo wake. Kilichonichoma ni kwamba ukweli wake ulikuwapo siku zote, karibu kiasi cha mkono, na alikuwa amemwekea mtu mwingine; mtu aliyekuja juzi na galoni kichwani. Nimewaonea watu wengine wivu katika maisha yangu, kwa ndoa zao, kwa nyumba zao za matofali, lakini huo ulikuwa wivu wa kupita. Huu ulikaa. Nilikwenda nao nyumbani jioni na kurudi nao asubuhi.

Jumamosi ile walibadilisha koki, na wiki iliyofuata buluu yangu ilianza kuwa kweli. Kila siku bakulini palitoka jambo jipya. Bomba linavuja nyuma ya kanisa na mwenye nyumba anaona raha, amepanda mchicha pale. Mlinzi wa tangi hufungua mapema ili awahi shambani kwenye mikorosho yake. Mambo hayo waliambiana, wakacheka, wakapangana, wakayamaliza, na saa tisa waliponijia dirishani, "sawa" yao ilikuwa sawa kweli. Ndoo tupu zilipungua mezani kwa meneja. Siku moja walikuja wageni kutoka mkoani, naye akalifungua daftari mbele yao, akapitisha kidole juu ya mistari yangu, akasema, "Huyu binti ndiye ubongo wa mgao wetu." Mama Somoe alikuwa anamimina chai wakati huohuo. Nilimtazama usoni nikitafuta chochote, hata kununa kidogo tu. Angenuna ningepona. Aliweka kikombe mbele yangu, akakigeuza ili mkono wa kikombe uelekee upande wangu wa kulia, akatoka.

Alinialika, siwezi kusema hakunialika. Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo, Mama Somoe," naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu Karani. Njoo huku, ming'oko haina ngazi." Nilimjibu kwamba nina kazi nyingi. Nilikuwa na kikombe changu cha udongo chenye maua na kifuniko, nikanywa peke yangu mezani, kifuniko nimekilaza kando, masikio yangu yakiwa upande wa pili wa mbao. Niliorodhesha. Siku moja niliweka alama pembeni ya karatasi kila walipocheka, na kufikia saa tano zilikuwa kumi na saba. Kuna wiki niliamua kumshinda kwa njia yake mwenyewe. Nilinunua maandazi sokoni, nikayapeleka karakana wakati yeye yuko uani, nikasimama mbele ya Cypriani nikamwuliza, "Baba Theresia, mtoto hajambo?" Cypriani alisimama wima, akavua kofia. "Hajambo, asante, Karani." Tukatazamana. Akaongeza, "Anakwenda shule kila siku, sasa," kama mtu anayejibu kesi. Ndipo nilipoona kwamba kalamu ilikuwa bado mkononi mwangu.

Mama Somoe alianza kunitania kidogo kidogo, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole cha mguu. "Wayao bwana, mnazaliwa na kalamu sikioni. Mkiona jembe mnaliamkia shikamoo." Utani huohuo niliusikia tangu sijaota meno, kwetu, misibani, harusini, nami nilijua majibu yake yote. Ningesema tu kwamba Wamakonde jembe wanalipenda kwa sababu linafukua panya wa kitoweo, na chumba kizima kingeangua kicheko. Jibu lilinijia mpaka kwenye ulimi. Nikalimeza, nikaendelea kuandika. Mtani anapokutania anakuvuta ndani, na mimi nilitaka kuvutwa ndani na wao, si na yeye. Nilitaka siku moja Baba Zuhura aje dirishani aseme, Karani, silali vizuri. Kuingizwa kwa mkono wa Mama Somoe niliona ni kuingia kama mgeni wake.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Nilikwenda chumbani kwa meneja asaini barua za wiki, nikarudi nikakuta meza yangu tupu. Daftari halipo. Nilitazama chini, nikatazama kabatini, kisha nikasikia upande wa pili sauti ikibembeleza, na watu wakijizuia kucheka. Niliingia karakana. Mama Somoe alikuwa amekaa juu ya sanduku la spana, na mgongoni amelibeba daftari la mgao kwa khanga, limefungwa vizuri kabisa, ukingo wa jalada ukitokeza kama kisogo cha mtoto. "Shii," aliniambia. "Amelala. Mkiongea kwa nguvu atajikojolea, na hapa Newala maji ya kumwogesha hatuna." Baba Zuhura alikuwa ameegemea ukuta anafuta machozi. Cypriani amekaa chini kabisa. "Mtoto wa Myao nimemteka," akasema Mama Somoe. "Nataka robo ya sukari. Na mama yake akae hapa anywe chai na watu. Bila hivyo simrudishi."

Walinitazama wote, nyuso zimefunguka. Sijawahi kutazamwa hivyo na watu wale, kabla wala baada. Walikuwa wanangoja nitukane. Hata matusi yangu walikuwa wameyatengea nafasi. Nikasema, "Mama, hicho ni kitabu cha serikali."

Kicheko kilikufa kama jiko lililomwagiwa maji. Mama Somoe alinitazama, akitafuta kama kuna mzaha nyuma ya maneno yangu. Hakuuona. Alifungua khanga, akalifuta jalada kwa ncha yake, akanipa kwa mikono miwili. "Pokea, mwanangu," alisema taratibu. "Nimekosea mlango."

Ningeishia hapo, ungekuwa ubaridi wa siku moja. Lakini nilikaa mezani nikachukua karatasi safi. Niliandika kwamba siku ya Jumanne, saa nne na nusu asubuhi, mhudumu wa ofisi aliingia katika chumba changu bila ruhusa, akachukua daftari la mgao wa maji, akaliondoa mahali pake, na alipotakiwa kulirudisha alidai kwanza apewe kitu. Nilitaja mashahidi wawili kwa majina yao matatu matatu. Ni barua nzuri kuliko zote nilizopata kuandika katika utumishi wangu. Haina neno la ziada wala sentensi ya uongo. Mtu angeipeleleza mwaka mzima asingepata pa kuikamata. Nililiacha nje neno moja tu, neno utani, na nililiacha nikijua. Meneja hakuwa mtu wa huku. Kwao hakuna Mmakonde wala Myao, na kisichoandikwa hakipo.

Alituita siku ya pili, mimi na Mama Somoe. Mlango uliachwa wazi kwa ajili ya joto, na Baba Zuhura alisimama pale nje, kofia mkononi, akijifanya anangoja kusainiwa karatasi ya grisi. Meneja alisoma barua yote kwa sauti. Akauliza, "Ulichukua?"

"Nilichukua."

"Ukadai upewe kitu?"

"Nilidai."

"Kwa nini, Mama? Mbona unaonekana mtu mzima mwenye akili?"

Mama Somoe alinigeukia. Hakuwa amekasirika, na hakuomba. "Mwenye majibu ni huyu," alisema. Alikuwa sahihi. Mtani hajitetei; akisema mwenyewe kwamba alikuwa anatania, anaonekana mwizi anayetafuta mahali pa kujificha. Anayetoa neno ni aliyetendewa. Maneno matatu yangetosha, huyu mtani wangu, na kesi ingekwisha hata mbele ya hakimu. Meneja alinitazama. Baba Zuhura mlangoni alinitazama. Nilijua kabisa kwamba riziki ya mwanamke yule iko mdomoni mwangu, na nilijua kwamba nikiyasema, kesho ming'oko itamenywa na vicheko vitakuwa kumi na saba, na mimi nitakuwa upande huu wa mbao.

"Maelezo yangu yako kwenye barua," nikasema.

Alikuwa bado kwenye majaribio, kwa hiyo kumwachisha kazi hakukuhitaji mambo mengi. Alikunja khanga yake, akachukua galoni lake, akaaga mmoja mmoja. Kwangu alifika mwisho. "Kikombe chako nimekiosha," alisema. "Nimekifunika, inzi wasiingie."

Mafundi hawakunigombeza. Hawakuacha hata kunisalimia. Kila saa tisa walipita dirishani, nikauliza, wakasema sawa, nikaandika buluu. Upande wa pili wa mbao nilisikia spana ikiwekwa chini, kiberiti kikiwashwa, mtu akikuna mgongo. Hakuna aliyekaa. Yaliyokuwa yakimalizwa bakulini yalirudi kujificha kila moja kwenye kifua cha mwenyewe, na sikuwa na namna ya kujua, kwa sababu hata zamani sikuwa nikiambiwa. Nilikuwa naiba tu kwa masikio, na sasa hapakuwa na cha kuiba. Kabla mwezi haujaisha mtaa wangu mwenyewe ulikauka. Nilishika ndoo nikasimama kwenye foleni ya mzee mmoja aliyekuwa na kisima cha mvua, nyuma ya wanawake wawili wasionijua. "Mume wangu alikwenda ofisini," alisema mmoja. "Wamemwonyesha kitabu. Kinasema tuna maji tangu Jumatatu."

"Basi tukakinge hukohuko kitabuni," akasema mwenzake.

Niligeuzia uso upande wa pili. Kwenye daftari, siku ile, mtaa wetu ulikuwa buluu iliyonyooka kwa rula.

Kuna Jumamosi moja nilinunua robo ya sukari, ikafungwa kwenye karatasi ya kaki, nikaenda nyumbani kwa Mama Somoe. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilipofika karibu na ua wake wa makuti nilisikia sauti ya Cypriani ikisema kwamba lile bomba la nyuma ya kanisa limeanza tena kuvuja, na mchicha wa yule bwana sasa unafika kiunoni, na sauti ya Baba Zuhura ikisema, "Tutakwenda sote keshokutwa, lakini tusimwambie mtu." Halafu Mama Somoe akasema kitu ambacho sikukisikia, na wakacheka. Walikuwa wamehamishia karakana kwake. Mji wote wa Newala uliendeshwa uani kwa mwanamke aliyefukuzwa kazi. Nilisimama nje ya ua, sukari kwapani, nami ningependa kuandika kwamba nilijuta. Nilikuwa na wivu. Ulikuwa uleule, tena mkubwa zaidi, maana nilikuwa nimemwondolea kila kitu na bado alikuwa nacho. Niligeuka nikarudi. Sukari niliinywa mwenyewe, kwenye kikombe cha maua. Mwaka ulipokwisha niliomba uhamisho, nikashuka Masasi.

Baadaye nilihudhuria semina nyingi za kazi, katika kumbi zenye feni, ambako vijana waliovaa vizuri walitufundisha namna ya kujenga kuaminiana kazini. Walichora duara, wakatia mishale. Niliandika yote kwa mwandiko safi. Sikunyoosha mkono hata mara moja kusema kwamba niliwahi kuliona jambo hilo likijengwa, upande wa pili wa ukuta, kwa bakuli la bati na swali la kama mtu analala. Wala kwamba nilijua vilevile namna ya kulibomoa, na kwamba kazi hiyo inahitaji ukurasa mmoja tu.

Nilifika Newala saa nane. Uani palikuwa pamejaa watu mpaka barabarani. Nilianza kuwahesabu, mazoea hayaishi, nikaacha nilipofika mia na kitu, nikasikia ndani yangu ule mdudu wa zamani akigeuka: mimi nikifa watakuja wangapi? Hata siku hiyo, kwenye maiti yake. Baba Zuhura alikuwa amekaa kwenye mkeka, ndevu nyeupe tupu. Cypriani alitangulia mbele ya haki miaka mingi iliyopita. Theresia, mtoto asiyetaka shule, alikuwa pale, mwalimu mstaafu. Watani wa mtaani walikuwa wanamwigiza marehemu anavyotembea na galoni. Baba Zuhura alinionyesha nafasi kwa kidevu. Niliingia ndani nikakaa na wanawake. Baada ya swala wanaume walikuja na jeneza mpaka mlangoni, wakaliinua, wakaanza kutoka.

Sikuwa nimepanga maneno safari hii. Niliinuka na goti langu, nikatoka mbele yao, nikakaa chini katikati ya njia. "Haondoki mtu hapa," nikasema. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Huyu ni mwizi. Siku ya Jumanne, saa nne na nusu asubuhi, aliingia chumbani kwangu bila ruhusa akachukua daftari la mgao wa maji, kitabu cha serikali, na nilipotaka anirudishie akadai apewe kitu kwanza. Mashahidi ninao. Mmakonde gani huyu, panya wote wa porini wamekwisha mpaka ale daftari?"

Wazee waliojua waliangaliana. Kisha Baba Zuhura, kutoka kwenye mguu wa jeneza alioushika, akasema bila kutabasamu, "Karani, andika barua."

Mtu mmoja akacheka puani, halafu mwingine, halafu ua wote. Somoe, ambaye alikuwa amelia tangu asubuhi mpaka uso umevimba, alijishika kiuno akainama, na sikujua analia au anacheka mpaka aliponisogelea akachuchumaa mbele yangu. "Unataka nini, mtani, umwachie mama aende?"

"Robo ya sukari," nikasema. Mengine sikuweza kuyamaliza.

"Na akae anywe chai na watu," akasema Baba Zuhura. "Ndivyo ilivyokuwa. Mimi nilikuwepo."

Wanawake wawili walinishika mabega wakaniinua, jeneza likapita, wanaume wakaondoka nalo kuelekea makaburini. Somoe aliniketisha mkekani katikati ya wenzake, pembeni ya bakuli la ming'oko, akanipa chai. Kikombe kilikuwa cha plastiki, hakina kifuniko, na kabla sijakifikisha mdomoni jirani yangu, mwanamke nisiyemjua, alikuwa ameshaniuliza kama ninalala vizuri.